Mama Hamira na Washenga Wake

Tangazo kwa umma. Wananchi wote wenye akili timamu, pamoja na wale ambao majibu ya vipimo vyao bado yanasubiriwa, wanaarifiwa kwamba katika ghorofa ya tatu ya jengo la sayansi, mlango wa pili baada ya choo kisichofungika, seli moja ya hamira imenusa harufu ya mwenziwe, imesimamisha shughuli zake zote na imetoa pua. Waokaji mikate wanaombwa wawe watulivu. Wenye hamira zilizofikia umri wa kuposwa wazifungie kabatini.

Hivyo ndivyo Mkuu wa Idara angelitangaza jambo hilo kama angepewa redio. Hakupewa, kwa hiyo alilitangazia korido, tai imembana shingo mpaka mishipa imetuna, kikombe cha chai mkononi, mbele ya wahadhiri wachache waliokuwa wakielekea kwingine na mfagiaji aliyeombwa asimamishe ufagio kwa heshima ya sayansi. Aliyeiona hiyo pua kwa macho yake, mwanamke mrefu mwenye koti jeupe lililoanza kuwa na rangi ya maziwa ya jana, alisimama nyuma kabisa ameshika trei tupu ya visahani vya kuoteshea hamira.

"Na sasa," Mkuu akanguruma, "shujaa wetu mwenyewe atuambie anajisikiaje!"

Watu wakageuka. Mfagiaji akaegemea ufagio.

"Visahani vimeisha," akasema yule mwanamke.

Huyo ndiye Mama Hamira. Jina alipewa na wanafunzi, ambao kwa kawaida hawana huruma lakini safari hii walijitahidi. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa na mamilioni ya hamira, alizozilisha asubuhi, akazitikisa mchana, na jioni akazifungia katika kabati la joto kama mama anayehakikisha kila mtu amelala.

Kwa wasiojua: hamira, hii hii ya kuumulia mkate, ni kiumbe hai, na ina jinsia mbili. Tatizo lake ni kwamba haina miguu. Seli ikitaka mwenzi haiwezi kumfuata, basi hutoa harufu na kungoja. Mwenziwe huipokea harufu hiyo kwenye ngozi, na habari hupenya ndani ikipokezanwa na protini tatu, mkono kwa mkono, kama watu wanaopitishiana ndoo ya maji, mpaka ifike kwenye kiini inakotolewa amri: acha kuzaliana peke yako, tafuta harufu inatoka upande gani, ujinyooshe kuelekea huko. Hapo mwili huchomoza kama pua, na ghorofa ya tatu hupiga makofi.

Sasa, ndani ya seli kuna msongamano kama sokoni siku ya mwisho wa mwezi, na wale wapokezi watatu wangeweza kupoteana kabisa. Hawapoteani kwa sababu ipo protini ya nne, isiyobeba ndoo wala kutoa amri. Kazi yake ni kuwashika wenzake bega kwa bega. Vitabuni inaitwa protini kiunzi. Ghorofa ya tatu waliiita mshenga, kwa kuwa yeye haoi wala haolewi, ila asipokuwepo watu hawaonani. Tena mmoja wa wale watatu ana kibarua cha pili: hubeba pia taarifa za chumvi ikizidi nje ya seli. Asiposhikwa vizuri, posa inaweza kwenda kusomwa idara ya chumvi.

Mama Hamira alikuwa amezitoa washenga baadhi ya seli zake ili aone itakuwaje. Zilinuswishwa harufu zikabaki vilevile, duara, zimetulia, zikiendelea na shughuli zao kama afisa ambaye faili limefika mezani kwake.

Na hapa lazima isemwe habari ya mumewe, kwa sababu bila hiyo mtu atadhani mama huyu alizaliwa na sura ile isiyotikisika.

Siku mumewe alipofariki, yeye alikuwa akimimina uji wa visahani. Uji huo ndio chakula cha hamira. Huchemshwa, kisha humiminwa ukiwa moto. Ukizubaa tu unagandia chupani na kazi yote imekwenda na maji. Simu ikalia. Ikasema lori limepinduka na dereva hakutoka. Akajibu, "Nimesikia." Akaibana simu begani, upande wa pili mtu akilia, na akaendelea kumimina, kisahani baada ya kisahani, vyote kwa kimo kimoja, hata kimoja hakikuwa na povu. Alipomaliza alivua glavu, akafuta meza, akaenda kuzika.

Msibani hakulia. Alipanga viti, akaonyesha watu choo kiko wapi, akawakumbusha vijana wasiegeshe magari mbele ya geti la jirani. Mama mmoja wa upande wa mume alimtazama wee, kisha akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi jikoni: "Huyu si mjane. Huyu ni mkaguzi."

Watu wakangoja siku atakayopasuka. Walimtembelea kwa zamu, leso zikiwa tayari. Hakupasuka, wakachoka, wakarudi kwenye mambo yao. Miaka ikapita na ile ganzi ikabaki pale pale, haimuumi, haimpunguzii usingizi. Nyumbani kwake mlikuwa na vyumba viwili na viti viwili. Kimoja alikikalia. Cha pili kilibebeshwa nguo za kupigwa pasi, na pasi haikuwahi kupigwa. Siku moja alikula kwa kaka yake, ambako wifi yake alikuwa amechanganya makopo akatia sukari kwenye maharage badala ya chumvi. Meza nzima ikatema. Yeye akamaliza sahani, akasema asante, akauliza kama kuna maji.

"Dada, hukusikia?" kaka yake akamuuliza, ulimi nje.

"Nimesikia. Ni matamu."

"Na ukala!"

"Yalikuwa kwenye sahani."

Sasa aingie mtu wa pili wa habari hii, ambaye siku zote aliingia kinyumenyume akiburuta mkoba wa vifaa: fundi wa majokofu wa chuo, maarufu Fundi Baridi. Mkewe alimkimbia zamani, akaondoka na televisheni pamoja na mlango wa chumbani. Televisheni aliisamehe. Mlango aliuonea uchungu, maana alikuwa ameupaka rangi juzi yake tu. Tangu hapo maongezi yake mazito aliyafanya na mashine.

Mwishoni mwa maabara ya Mama Hamira mlikuwa na friza la baridi kali, kubwa kama kabati la nguo la tajiri, ambamo zililala aina zote za hamira alizowahi kuzitengeneza tangu akiwa msichana wa chuo. Friza hilo likifa, maisha yake ya kazi yanayeyuka yanakuwa supu. Fundi Baridi alilihudumia. Mwanzoni alikuja likiugua. Baadaye akawa anakuja likiwa na mafua. Siku hizi alikuja likiwa zima kabisa, analiwekea sikio ubavuni, anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha analala chali chini yake kwa muda mrefu kuliko uliohitajika.

Na alikuja na vitu. Aliukaza mguu wa kigoda chake uliokuwa ukicheza. Alimletea glavu za sufu za kuvaa ndani ya zile za mpira, kwa kuwa alimwona akitoa chupa kwenye friza mikono imekufa ganzi, kisha akiikunja na kuikunjua bila kukunja uso. Alimletea karanga, balbu, kikombe chenye mfuniko. Kila kilipofika, Mama Hamira alisema, "Asante, Fundi. Weka hapo." Na hapo pakajaa. Mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza angedhani ni duka dogo.

"Hizi ulizozitoa mshenga," Fundi aliuliza siku moja kutoka chini ya friza, miguu tu ikionekana, "kwa hiyo hazinusi?"

"Zinanusa."

"Mbona hazitoi pua?"

"Harufu inapokelewa vizuri pale mlangoni. Ndani wapokezi hawaonani. Hakuna wa kuwashika."

Spana ikanyamaza. "Sasa zenyewe zinajua kwamba zimeitwa?"

"Fundi, ni hamira."

"Nauliza tu, Mwalimu."

Akafikiri. "Sijui kama zinajua," akasema, na akashangaa kidogo kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza.

Basi mambo yangeendelea hivyo mpaka wote wawili wastaafu na karanga ziote. Lakini ghala moja kubwa la baridi, la nyama na samaki, katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, likamtaka Fundi Baridi. Kazi ya maana, vyumba vya baridi vya kutembea ndani yake, vijana wa kumbebea mkoba. Walimtaka mwisho wa mwezi. Fundi akakaa na habari hiyo siku kadhaa, akaieleza kompresa ya friza, kompresa haikuwa na ushauri. Ndipo akaenda kukaa kwenye kiti cha kinyozi.

Kinyozi mwenyewe ndiye kaka yake Mama Hamira. Fundi alifungwa shuka shingoni, akaufumbia macho uoga wake, na mashine ilipofika katikati ya kichwa akasema yote kwa mkupuo, bila kumeza mate:

"Shemeji, nataka kumwoa dada yako. Nimeitwa kazi mbali, naondoka mwisho wa mwezi. Akisema ndiyo, siendi, nabaki hapa hapa. Akikataa nakwenda na simsumbui tena. Mwambie hivyo hivyo. Usitie chumvi."

Kinyozi akazima mashine. Kwenye kioo Fundi alionekana nusu kanyolewa nusu bado, kama mtu aliyekatikiwa na umeme.

"Umeshaniita shemeji?"

"Imenitoka."

Sasa angalia. Kama Kinyozi angevua aproni dakika ile, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na kumwambia dada yake maneno yale kama yalivyo, karatasi hii ingeokolewa. Mshenga mmoja, habari nzima, mkononi mwa mtu mmoja. Lakini Kinyozi alikuwa na hofu na sura ya dada yake. Akampeleka Fundi mlangoni, akiwa na upande mmoja wa nywele bado ("Njoo kesho tumalizie, leo siwezi"), akafunga kibanda, akakimbilia kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa mama wa kuamua. Jumapili zake zote alizitumia kuamua mambo ya watu waliokuwa wakilala. Akaita kikao: Kinyozi, mke wa Kinyozi, na Mkuu wa Idara mwenyewe, aliyealikwa kama mzazi wa kazini na aliyekuja na tai mpya.

"Huyu mtoto namjua," Shangazi akafungua kikao. "Ukimtumia mtu mmoja, ataambiwa weka hapo. Atawekwa karibu na karanga. Hapana. Tuwe wengi, aone uzito."

"Wingi ni nguvu ya utafiti," Mkuu akaunga mkono.

"Halafu tusimrundikie. Mjane habebeshwi gunia zima kichwani. Tugawane. Wewe mwanangu umwambie Fundi anataka kuja nyumbani. Basi, usizidishe, usimshtue. Wewe mkwe wangu umwambie habari za moyo, kwamba mtu anaweza kupendwa tena. Jina usilitaje, hilo si lako."

"Ni la nani?" mke wa Kinyozi akauliza.

"Litajulikana. Na wewe Mheshimiwa, kwa kuwa ni mambo ya kazi, umwambie Fundi anaondoka mwisho wa mwezi. Mimi nitakwenda mwisho kabisa kuchukua jibu."

"Na ile habari kwamba akikubaliwa haondoki?" Kinyozi akauliza.

"Hiyo inajieleza yenyewe," akasema Shangazi, na kikao kikafungwa kwa chai.

Wiki hiyo hiyo, Mkuu akiwa bado amelewa na wingi, alimwita Mama Hamira ofisini akamwonyesha kiti.

"Nimefikiri. Mshenga akiwepo, pua inatoka. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Basi tujaze! Tuzilazimishe seli zitengeneze washenga mpaka wamwagike. Kama mmoja katoa pua, wakiwa kundi zima si utatoka mkonga wa tembo?"

Mama Hamira alidhani jibu lake linajulikana. Lakini kudhani si kupima, na yeye hakuwa na haraka ya kwenda popote. Akazipanda seli mpya, zenye washenga tele.

Wajumbe nao wakaanza kumiminika. Wa kwanza alikuwa kaka yake. Alimkuta nyumbani akiosha kikombe kimoja.

"Dada, Fundi anataka kuja Jumamosi."

"Kuja kufanya nini?"

Kinyozi akafungua mdomo. Akamkumbuka Shangazi, akaufunga. "Kuja tu. Unajua tena, fundi."

"Friji yangu ni nzima."

"Kwa hiyo asije?"

"Sitaki kumpotezea Jumamosi, Kaka. Mwambie friji inafanya kazi."

Kinyozi akatazama ile friji, nayo ikaanza kuunguruma kwa afya, kama inayotoa ushahidi. Akaaga. Posa ikawa imesomwa idara ya chumvi.

Wifi yake alimvizia barazani, akamshika mkono.

"Wifi yangu, hivi ukipendwa utajua?"

"Ataniambia."

"Na asiyejua kusema je?"

"Huyo atakuwa na shida yake."

"Ah! Wewe nawe kama jiwe la kusagia. Mtu anaweza kupendwa tena, nakwambia. Watu wapo."

"Nafurahi kuwa wapo," akasema Mama Hamira, akamwuliza kama bado anachanganya yale makopo.

Mkuu wa Idara naye alitimiza wajibu wake kwenye ngazi, akishuka, kwa sauti ya matangazo ya usalama: "Fundi wa majokofu anaondoka mwisho wa mwezi. Idara inatafuta mbadala. Endapo friza litaleta matatizo, tumia namba iliyo mlangoni."

Mama Hamira alisimama pale pale kwenye ngazi, mkono juu ya reli. Akajikagua, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo. Hakupata kitu. Akaona tu kwamba reli ilikuwa ya baridi, na kwamba amesahau alikuwa akipanda au akishuka.

Jumapili akaja Shangazi, akaondoa nguo kwenye kiti cha pili bila kuomba ruhusa, akakaa.

"Basi umesikia."

"Nimesikia, Shangazi." Alikuwa amesikia friji, moyo kwa ujumla, na namba iliyo mlangoni.

"Wote wamekuja?"

"Wamekuja."

"Unasemaje?"

"Sina la kusema."

Shangazi akainuka. Akazirudisha nguo kitini moja moja, safari hii akizikunja. "Haya mwanangu," akasema. Jioni hiyo Kinyozi akatumwa akamwambie Fundi: hana la kusema, yaani amekataa. Kinyozi alimkuta akifunga mkoba, akamaliza kumnyoa ule upande wa pili palepale barazani, bure.

Jumatano zile seli zikawa tayari. Mama Hamira akazipa harufu, akazingoja, akaziweka chini ya hadubini. Mkuu alisimama nyuma yake, akimhemea sikioni.

"Unaona mikonga?"

"Naona duara."

"Ongeza mwanga."

"Mwanga upo. Zimetulia. Ni kama zile zisizo na mshenga kabisa."

"Haiwezekani!" Mkuu akamsukuma kidogo, akatazama mwenyewe, akatazama na jicho la pili asije akawa amedanganywa na la kwanza. "Washenga tele, halafu hakuna harusi?"

Mama Hamira akaenda kwenye ubao mweupe, akachora mstari unaopanda, ukafika kilele, ukashuka mpaka chini. "Mshenga anawashika wote watatu pamoja. Akikosekana, hawaonani. Akitosha, habari inapita. Akizidi," akaanza kuchora viduara, "huyu mshenga anamshika mpokezi wa kwanza. Yule anamshika wa pili. Mwingine kule kamshika wa tatu. Kila mmoja ana kipande chake, amekikumbatia, anaridhika kwamba yuko kazini. Hakuna hata mmoja aliyeshika..."

Kalamu ikasimama ubaoni. Doa la wino likaanza kukua pale ncha ilipogusa.

"Aliyeshika nini?" Mkuu akauliza.

"Nani alikutuma uniambie kwamba Fundi anaondoka?"

Mkuu akaigusa tai. "Ah. Hilo. Shangazi yako. Tulikuwa na kikao."

"Alikwambia useme nini kingine?"

"Mimi langu lilikuwa hilo tu. Mengine walikuwa nayo wenzangu."

"Yapi?"

"Kuja nyumbani, kaka yako. Mapenzi, wifi yako." Alianza kuhesabu kwa vidole, kisha vidole vikapunguza mwendo. "Na ile ya kwamba ukikubali haondoki... Hiyo ilikuwa ya nani?" Akatazama ubao. Akatazama vile viduara, kila kimoja na kipande chake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alielewa matokeo kabla hayajaandikwa, na hakuonekana kufurahia.

Mama Hamira alirudishia kalamu kifuniko chake. Akaufuta ubao, kwa mazoea, kwa mikupuo ya kupanda na kushuka. Halafu akaelekea mwishoni mwa maabara, kwenye friza, ambako tangu asubuhi kulikuwa na mtu anayekwangua barafu. Alijua yupo. Alikuwa amemsikia kutwa nzima, kwangu kwangu, na sauti hiyo ilikuwa imefika mlangoni ikaishia hapo.

Fundi Baridi alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango ulio wazi, moshi mweupe wa baridi ukimwagika juu ya viatu vyake. Alikuwa akibadilisha mpira wa mlango, ili usije ukamtesa fundi atakayekuja. Kichwa chake kilikuwa sawasawa pande zote.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Namalizia. Nishikie hilo sanduku la juu, lisidondoke."

Akalishika. Lilikuwa na vichupa vya miaka ya mwanzo kabisa, akiwa bado na mume, na hata kabla yake. Glavu za sufu zilikuwa kule mezani, kwenye duka dogo. Alilishika kwa mikono mitupu.

"Ulimtuma nani kwangu?"

Fundi akaacha kukwangua. "Kaka yako."

"Peke yake?"

"Peke yake. Wengine walijitokeza."

"Walikwambia nimesemaje?"

"Kwamba huna la kusema."

"Ni kweli. Sikuwa nimeulizwa." Akaliegemeza sanduku kifuani. "Kaka alisema unakuja. Hakusema kwa nini. Wifi alisema kwa nini, hakusema nani. Mkuu alisema unaondoka, akanipa namba iliyo mlangoni."

"Hiyo namba ni yangu," Fundi akasema taratibu.

"Najua."

Kule mbele Mkuu alikuwa amekohoa mara moja, kisha akaamua kwamba ana kazi ofisini. Friza likapiga kengele yake ya kulalamika kwamba joto linaingia. Hakuna aliyelisikiliza.

"Sema mwenyewe," akasema Mama Hamira. "Lote. Usiligawe."

Fundi Baridi akasimama. Magoti yakalia. Akafuta mikono kwenye suruali, akalitazama friza kama anayeomba msaada kwa rafiki wa zamani, akavuta pumzi, na kwa bahati mbaya sauti iliyotoka ilikuwa ya sherehe, ya mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kompresa:

"Mimi, fundi wa majokofu wa chuo hiki, mwenye akili timamu, nikiwa sijashurutishwa na mtu yeyote, natamka mbele ya friza hili kwamba nimekupenda tangu lilipokuwa jipya. Nimeitwa mbali, na ukisema ndiyo siendi. Sina televisheni. Mlango wa chumbani nitatengeneza mwingine. Ukisema hapana, nitakwenda, na huu mpira utadumu miaka mingi, usiwe na wasiwasi. Nimemaliza."

Mama Hamira akajipapasa tena ndani, mfuko kwa mfuko, akitafuta kile ambacho watu husema kinakuwepo saa kama hizi. Hapakuwa na ngoma. Hapakuwa na machozi. Ile ganzi ilikuwa imekaa palepale kama mpangaji wa zamani. Ila vidole, vilivyokuwa vimekufa kwenye sanduku lile, vilianza kuchomachoma, kimoja kimoja, kama inavyokuwa damu inaporudi, na vilimuuma sana, na hakulitua sanduku.

Fundi alikuwa akimtazama. Moshi ulikuwa umefika magotini. Kengele ya friza ilikuwa imeongeza sauti.

"Mwalimu? Unasemaje?"

"Ndiyo," akasema Mama Hamira. "Funga mlango, vitu vinayeyuka."